Ujenzi Mwanza na kando ya Ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nayapata saiti, kwenye simu, na hata kwenye daladala mtu akishaniona na kofia ngumu mkononi. Wengi wanaouliza wanajenga kati ya Buhongwa na Kisesa, wengine Ilemela, na siku hizi wapo wa ng'ambo, Sengerema. Nimejibu kwa urefu pale panapoharibika mara nyingi. Utaona jambo moja linajirudia: huku kwetu ardhi ndiyo inayoamua nyumba ijengwe vipi, ilhali watu wengi huja na picha ya nyumba kabla hawajachimba hata shimo moja.

Sekta ya ujenzi imegawanyika vipi? Mkandarasi si mkandarasi tu?

Hapana. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, inasajili kwa aina ya kazi: majengo, kazi za kihandisi (barabara, madaraja, reli, maji, gati), umeme, mitambo, na kazi maalumu kama kuchimba visima au kufunga vyuma. Ndani ya kila aina kuna madaraja, yaani ngazi za usajili. Majengo na kazi za kihandisi yako saba, la kwanza likiwa la juu, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi ambayo mkandarasi anaruhusiwa kuchukua. Kazi maalumu zina madaraja matatu.

Kwa hiyo aliyejenga barabara nzuri ya lami huenda hana usajili wa kukujengea ghorofa, na wa ghorofa huenda hajawahi kumwaga zege chini ya maji. Mwanza sekta zote hizi unaziona kwa macho bila kutoka mkoani: reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, bandari ya Mwanza Kusini, chanzo cha maji cha Butimba, viwanda vya minofu ya sangara, na nyumba za watu zilizobana katikati ya mawe ya Mabatini na Igogo.

Nianze na nani: fundi, mhandisi au msanifu?

Anza na mtu wa kuangalia ardhi. Kwa nyumba ya kawaida ya chini, mhandisi au fundi sanifu mwenye uzoefu wa eneo lako anaweza kufika, akachimba mashimo mawili matatu, na kukuambia kilichoko chini. Kwa ghorofa unahitaji upimaji kamili wa udongo. Baada ya hapo msanifu achore, mhandisi wa miundo apige hesabu za nondo na zege, ndipo upeleke michoro Halmashauri ya Jiji au Manispaa ya Ilemela kuomba kibali cha ujenzi. Fundi ni wa mwisho katika foleni hii, ingawa mtaani kwetu ndiye anayeitwa wa kwanza na ndiye anayechora ramani kwa kijiti mchangani.

Shikamoo mhandisi. Kiwanja changu kina mawe makubwa mpaka nashindwa kuona pa kuweka sebule. Nifanye nini?

Marahaba. Kwanza tutenganishe vitu viwili. Kuna mwamba, yaani jiwe lililoshikana na ardhi kwenda chini, na kuna jiwe lililolala tu juu ya udongo, hata kama ni kubwa kuliko lori. Kwa juu yanafanana kabisa. Njia ya kuyajua ni kuchimba pembeni mpaka uone chini yake kuna nini. Ukikuta udongo au jiwe jingine dogo limelibeba, usijenge juu yake, na wala usilichimbe upande wa chini ukadhani litakaa. Mvua za Machi hadi Mei zikilainisha udongo ule, jiwe linaweza kuhama, na aliye chini yako kilimani ndiye atakayelipokea.

Mwamba wa kweli ni msingi mzuri kuliko wowote utakaoununua. Shida inakuja nyumba inapokaa nusu mwambani na nusu kwenye udongo. Upande wa udongo unatitia kidogo, wa mwamba hausogei, na ukuta unapasuka mshazari kuanzia kona ya dirisha. Nimeona nyumba nzuri, bati la kisasa na vigae vya bei, ufa wake unaingiza kidole, na mwenye nyumba analaumu saruji. Dawa ni kushusha msingi wote mpaka mwambani, kwa ngazi ngazi kufuata mteremko, na sehemu yenye kina unajaza kwa zege la mawe. Ikishindikana, nyumba igawanywe vipande viwili vyenye nafasi kati yake, kila kimoja kikae kivyake.

Uso wa mwamba ukiwa unateleza na umeinama, zege halishiki lenyewe. Unatoboa mashimo kwa mashine, unayapuliza vumbi lote litoke, unapachika vipande vya nondo ya milimita 16 kwa uji mzito wa saruji, ndipo unamwaga msingi. Vumbi likibaki shimoni nondo itachomoka kwa mkono. Jaribu siku ya pili: kamata nondo uitikise. Ikicheza, rudia.

Kupasua jiwe kwa moto ni sawa?

Ndiyo njia ya wazee, na bado inatumika sana: unawasha moto juu ya jiwe, joto linalipasua kwa matabaka, kisha nyundo na tindo zinamalizia. Kwa kupata mawe ya kujengea inafaa, ila moshi wa matairi ni adha kwa mtaa mzima, heri kuni. Lakini kama jiwe linalobaki ndilo msingi wako, moto umeshaacha nyufa ndogo ndogo ndani yake. Ligonge kwa nyundo, na chochote kinachotoa sauti ya utupu kibanduliwe kwanza. Karibu na nyumba za watu tumia tindo za kabari, au ule unga unaochanganywa na maji, unamiminwa kwenye mashimo na kuvimba mpaka jiwe linafunguka lenyewe. Baruti inataka kibali na mtu mwenye leseni.

Na sisi wa bondeni, wenye udongo mweusi?

Pole. Udongo wa mbuga, huo wa Misungwi, Kwimba na sehemu za Magu, unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Msingi wa kawaida wa futi mbili unabebwa juu masika na kushushwa kiangazi, kila mwaka.

Ukiwa mwembamba, uondoe wote, jaza kifusi cha moramu kwa matabaka ya sentimita 15, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine kuwekwa. Wengi wanamwaga lori zima kwa mara moja na kupitisha mashine juu; kinachoshindiliwa hapo ni ngozi tu. Ukiwa mnene, mhandisi atakupa jamvi, yaani zege zito linalotandazwa chini ya nyumba nzima, lenye nondo juu na chini, au nguzo fupi za kuchimba zinazoshuka mpaka kwenye udongo usiocheza. Zungushia nyumba zege la upana wa mita moja au zaidi, maji ya bati yapelekwe mbali, na miti mikubwa isiote karibu na ukuta.

Kuta zibebe paa, au nijenge kwa nguzo na bimu?

Nyumba ya chini yenye vyumba vya kawaida, kuta zinatosha. Tofali nzuri, msingi mzuri, mkanda wa zege juu, basi. Naona watu wanasimamisha nguzo kila kona kwa sababu wameona kwa jirani, na nguzo hizo hazina hata kitako chini; ni nondo nne zilizochomekwa kwenye tofali. Hiyo ni pesa imetupwa.

Kuanzia ghorofa moja kwenda juu, mfumo wa nguzo na bimu (mihimili ya zege) ndio salama. Hapo kuta zinakuwa za kujaza tu, na ukitaka kuhamisha ukuta ndani unaweza. Maghala na viwanda hujengwa kwa fremu za chuma, kwa kuwa vinahitaji nafasi pana isiyo na nguzo katikati na vinasimama kwa wiki chache. Ipo pia slabu, yaani sakafu ya ghorofa, ya mihimili iliyotengenezwa tayari na tofali za matundu kati yake, ambayo inapunguza mirunda na mbao za boksi la kumwagia zege. Inafaa, mradi mtengenezaji awe anapimwa.

Kipimo sahihi cha zege ni kipi?

Kila mtu anajua moja kwa mbili kwa nne. Wachache wanajua moja ya nini. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, kwa hiyo mchanga ni lita 70 na kokoto lita 140. Tengeneza sanduku la mbao la lita 35 na kila kitu kipimwe kwa hilo. Karai moja limejaa kichuguu, jingine limelala bapa. Ukipima kwa makarai kila mchanganyiko unatoka na nguvu yake.

Kinachoua zege zaidi ya yote ni maji. Mfuko mmoja unataka lita 25 hadi 28 hivi, yaani dumu la lita 20 na kama robo na ushei ya jingine, na hapo mchanga wako uwe mkavu. Mafundi wanaongeza ili lijimwage lenyewe kwenye boksi. Linamwagika vizuri kweli, na linapokauka maji yale ya ziada yanaacha matundu.

Sasa jinsi ya kumkamata. Tafuta koni ya chuma yenye urefu wa milimita 300, mdomo mwembamba juu, mpana chini. Iweke kwenye bati tambarare lililolowanishwa. Jaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka ulichome mara 25 kwa fimbo ya chuma ya milimita 16, sawazisha juu, kisha inua koni taratibu, wima, bila kuizungusha. Zege litashuka. Simamisha koni kando yake, laza fimbo juu, pima limeshuka kiasi gani. Kwa bimu na slabu za kawaida, likishuka milimita 75 hadi 100 liko sawa. Likitandazika chini kama uji, mrudishe fundi kwenye sanduku. Kazi hii haimalizi dakika kumi, na fundi akiona koni ipo saiti huwa mkono wake wa dumu unapungua wenyewe.

Kwa ghorofa, chukua pia vipande vya mraba vya milimita 150 vipasuliwe maabara siku ya 7 na ya 28. Na zege limwagiliwe maji angalau siku saba. Jua la Mwanza na upepo wa ziwani vinakausha uso wa slabu kabla ya saa sita mchana. Funika kwa magunia yaliyolowa.

Nimetoka Dar, kule tunaogopa chumvi ya bahari. Maji na mchanga wa ziwa vinafaa?

Ziwa Victoria ni la maji baridi, kwa hiyo chumvi ile ya kuozesha nondo haipo. Tatizo la hapa ni jingine. Maji ya ukingoni yana mwani, tope na mabaki ya magugu maji, na mwani ukiingia kwenye zege unaleta hewa na kushusha nguvu. Chota mbali na ukingo au yaache yatuame. Mchanga wa ziwani huwa laini mno, chembe zake zinafanana, unafaa lipu kuliko zege.

Upime mchanga wowote hivi: jaza nusu chupa ya plastiki, ongeza maji yenye chumvi kidogo ya mezani, tikisa sana, acha saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi kama sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, mrudishie dereva lori lake. Kokoto zetu za kugonga kwa mkono ni za itale, jiwe gumu kabisa, ila zina vumbi na vipande bapa. Zipepete na uzioshe.

Tofali za saruji, za kuchoma au za kufungamana?

Zote zinajenga. Za kuchoma zinakula kuni nyingi na ubora unatofautiana ndani ya tanuru lile lile. Za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine, zinapunguza chokaa ya kuungia, lakini udongo wa mbuga haufai kuzitengeneza. Za saruji, kataa mfyatuaji anayetoa tofali 50 kwa mfuko mmoja. Angusha tofali moja kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, uone kama linasambaratika.

Mkanda wa juu wa nini wakati kuta zimesimama?

Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu walipoteza maisha, maelfu ya nyumba yaliharibika, na hata Mwanza tuliusikia mtikisiko. Nyumba nyingi zilizolala chini zilikuwa na kuta za tofali zilizoungwa kwa udongo, bila kitu cha kuzifunga pamoja. Kila ukuta ulianguka upande wake. Mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, ndio unaozifunga kuta. Ukiishia juu ya milango na madirisha peke yake, hiyo ni lenta tu.

Naweza kujenga ufukweni kabisa? Nimeona wenzangu wamejenga.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata ukiweka sheria kando, ziwa lina kumbukumbu. Mei 1964 maji yalipanda sana, watu wakasahau, wakajenga pale yalipokuwa yamefika. Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa cha Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ile ya 1964, na hoteli, mialo na vyoo vya kando ya ziwa vikaingiliwa na maji. Kabla ya kununua kiwanja muulize mvuvi mzee maji yalifika wapi. Atakuonyesha mti au jiwe lenyewe.

Daraja la Kigongo–Busisi walilijengaje katikati ya maji?

Hili naulizwa kila ninapolivuka na abiria mgeni. Daraja la J.P. Magufuli, la urefu wa takribani kilomita 3, lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025. Kabla yake tulikuwa wa kivuko, na foleni ya malori Kigongo ilikuwa inakula nusu ya siku yako.

Wengi wanadhani maji yalikaushwa. Hapana. Kwanza lilijengwa daraja la muda la chuma, la kupitisha mitambo na magari ya zege. Kisha, kwa kila nguzo, bomba pana la chuma linashindiliwa mpaka kwenye sakafu ya ziwa. Ndani ya bomba hilo mtambo unachimba kushuka hadi kwenye mwamba, kizimba cha nondo kinashushwa, na zege linapelekwa kwa mrija mrefu unaofika chini kabisa. Zege linajaa kutoka chini kwenda juu na kusukuma maji nje. Mdomo wa mrija lazima ubaki umezama ndani ya zege muda wote. Ukichomoka, maji yanaingia katikati na nguzo hiyo imeharibika. Ndiyo maana umwagaji ukianza hausimamishwi, iwe usiku iwe mvua.

Vichwa vya nguzo vikishaungwa juu ya maji, sehemu za pembeni zinapata mihimili mirefu. Pale katikati, panapopita vyombo, nafasi ni pana na hakuna pa kusimamisha mirunda. Njia yake ni kujenga kutoka kila mnara kwenda pande mbili kwa mara moja, kipande hiki kulia na kile kushoto, mizigo ilingane, mpaka ncha zikutane. Nyaya zinazotoka kwenye minara ile mifupi zinasaidia kubeba. Ukipita tena, tazama jinsi minara ilivyo mifupi: mihimili yenyewe bado inabeba sehemu kubwa ya mzigo.

Milimani choo cha shimo hakichimbiki. Mnafanyaje?

Katika baadhi ya mitaa ya milimani Mwanza imewekwa mitandao ya majitaka ya mabomba membamba, yanayopita kwenye vichochoro na mengine juu ya mwamba yakiwa yamefungwa kwa zege, hadi kwenye bomba kubwa la chini. Kama mtaa wako unao, unganisha, usitapishe maji kwa jirani. Barabara za mawe yaliyopangwa kwa mkono nazo zimetokana na milima hii: mawe ni ya hapa hapa, vijana wanapata kibarua, na kwenye mteremko mkali mvua haizibebi kama inavyobeba moramu.

Fosi akaunti ni nzuri au mbaya?

Ni utaratibu wa shule, zahanati au halmashauri kununua vifaa yenyewe na kuajiri fundi wa eneo hilo, kamati ya ujenzi ikisimamia na mhandisi wa halmashauri akikagua. Umejenga madarasa mengi kwa bei ndogo. Udhaifu wake ninaouona ni mmoja: mhandisi mmoja, saiti nyingi, na msingi unafukiwa kabla hajafika. Mjumbe wa kamati mwenye simu anaweza kusaidia. Piga picha ya nondo zikiwa na rula pembeni, kabla ya kila zege, na mtumie.

Nataka kuongeza ghorofa juu ya nyumba yangu ya chini. Fundi anasema inabeba.

Mwambie aandike na kusaini. Bila kujua msingi wako ulichimbwa kiasi gani na una nondo gani, hakuna anayeweza kusema inabeba. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Mhandisi atafukua kona mbili za msingi na kupima; gharama yake ni ndogo kuliko bati utakaloling'oa.

Radi je? Nyumba yetu iko juu ya jiwe Isamilo.

Ukanda wa Ziwa Victoria unapigwa radi kuliko sehemu nyingi duniani, kwa hiyo nyumba ya kilimani na ghorofa yoyote iwe na kinga radi. Ugumu uko chini: itale haipitishi umeme vizuri, na ile fimbo ya shaba inayozikwa ardhini haishuki. Fundi wengine wanaikata wakaisimamisha kwenye ufa wa jiwe, wanapokea hela, wanaondoka. Tafuta sehemu yenye udongo wa kina karibu na nyumba, hata kama ni mita ishirini kushuka, laza utepe mrefu wa shaba ndani yake, na umwambie fundi apime upinzani wa ardhi kwa umeme kwa mashine yake mbele yako. Lengo la kawaida ni chini ya ohm 10. Upimwe tena kiangazi, udongo ukiwa umekauka.